Sukari Pindoni mwa Zuena

Mimi nauza makaa, kwa hiyo najua kila nyumba ya mtaa wetu inapika nini. Nyumba ikianza kununua makaa kidogo, najua baba amekosa kazi au mama amesusa jikoni. Lakini nyumba ya Hitesh, Mhindi mwenye duka la vitenge upande huu wa reli hapa Kamina, ilinishinda. Walinunua makaa kuliko hoteli, na ukipita nyuma ya jiko lao husikii hata harufu ya kitunguu. Siku moja nilimuuliza mpishi wao, jirani yangu Zuena, makaa yote yale yanakwenda wapi.

"Ku mayi, Mama Umba," alinijibu. "Tunachemusha mayi asubui yote."

Makaa yote hayo kwa maji matupu? Nilidhani ananitania. Zuena hajui kutania, na hilo ndilo la kwanza la kumjua.

Anatoka katika zile familia za Waislamu ambazo babu zao walishuka kutoka Kasongo na bidhaa kichwani, wakafika kwetu, wakaoa, wakazaa. Ndugu zake wote wanafanya biashara. Yeye biashara ilimkataa: akikupimia chumvi anakuongezea, na akiona una mtoto mgongoni anakuongezea tena. Mumewe alikwenda Lubumbashi kutafuta maisha, akayapata huko huko, hakurudi. Wakati huo Zuena alikuwa na watoto wawili. Mdogo alikufa kwa kuhara kabla hajaanza kutembea. Muuguzi alimweleza Zuena, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, kwamba maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo pengine yangemshikilia mtoto mpaka afike hospitali.

Tangu hapo Zuena hatembei bila sukari. Anaifunga pindoni mwa kitenge chake, pale ambapo sisi wengine tunafunga pesa, na kipande cha plastiki ndani isilowe jasho. Mtu akizirai sokoni, Zuena ndiye wa kwanza kufungua fundo. Wengi walimcheka. Mimi pia nilisema wazi kwamba siku moja siafu watamla tumbo.

Kwa Hitesh aliajiriwa ampikie mama yake. Tulimwita Mama Kanta. Alikuwa bibi mwembamba, mwenye sari nyeupe, aliyezaliwa Mwanza na kukulia huko, akisema Kiswahili kilichonyooka hata ukadhani unasikiliza habari redioni. Watu wa nyumba hiyo ni wa dini ya Jaini. Mimi ni Mmetodisti, nimeimba kwaya tangu utoto, na nilidhani nimekwisha kuona kila aina ya ukali wa dini. Nilikuwa sijaona kitu.

Kila jioni Zuena alinisimulia uani, na kila jioni nilibaki mdomo wazi. Hawali nyama, hawali samaki, hawali yai. Hayo nilisikia nikavumilia. Lakini hawali pia chochote kinachong'olewa ardhini: kiazi, karoti, kitunguu, muhogo. Hapa kwetu, ambako bila bukari, ugali wetu wa muhogo, mtu hahesabu kwamba amekula, bibi huyo alisema kwamba kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vyote vilivyolala kwenye udongo wake. Alitembea na kifagio laini, akifagia mbele yake polepole asije akamkanyaga chungu. Maji mabichi hayagusi kwa sababu yana uhai ndani. Na jua likishazama, mdomo unafungwa: hali, hanywi, hata dawa hamezi, mpaka kesho jua lipande.

Zuena aliteleza hapo mwanzoni kabisa. Kufunga anakujua, amefunga Ramadhani tangu utoto. Basi mara ya kwanza Mama Kanta alipofunga, Zuena alisubiri magharibi, akapika uji mzito wa mtama, akaweka na tende alizomwomba shemeji yake, akampelekea bibi kwa furaha. Bibi aliutazama uji, akatabasamu, akaomba uji huo apewe mlinzi wa lango. Zuena alirudi kwangu ameshika kichwa. "Banafunga na usiku," aliniambia. "Sasa hii funga inaishaka saa ngapi?"

Kubwa zaidi zilikuwa nadhiri za miezi minne. Kwao India kuna miezi minne ya mvua, wadudu wanajaa njiani, na watu wa dini hiyo wanapunguza kutembea wasije wakawaua. Mama Kanta aliifuata miezi ile ile hapa Kamina, ambako kwetu sehemu yake kubwa ni kiangazi: vumbi mpaka kwenye nyusi, hakuna tone la maji, na hao wadudu wenyewe wamejificha. Mwanawe alimkumbusha jambo hilo. Akasema kalenda ya wazee wake haikuuliza mvua ya Kamina. Basi kila mwaka, katika miezi hiyo, aliapa kutopanda gari wala pikipiki, kutovuka reli upande mmoja wala kupita soko upande mwingine, na siku moja kila juma kutosema neno. Binti wa ndugu yake aliolewa Lubumbashi, hakwenda. Nguo alizibakiza chache, nyingine akawagawia akina mama. Nilipata sari moja, nikaigeuza pazia.

Mwaka huu, mwezi wa nane ukielekea mwisho, alitangaza kwamba siku nane kuu za dini yao atazifunga zote, bila chakula kabisa, maji ya kuchemshwa tu. Alikuwa amepita miaka sabini na moyo wake ni mgonjwa. Daktari alimkataza. Hitesh alimsihi akilia. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akaanza kufunga.

Zuena alikuja kwangu jioni ya kwanza amekunja uso. Alinieleza kwamba kazi yake sasa ni kumtazama mtu akinyauka na kumpelekea maji. Nilimwambia akae nyumbani siku hizo. Akaniuliza nani basi atayachemsha hayo maji.

Siku ya sita iliangukia ile siku ya bibi ya kunyamaza. Asubuhi alianguka bafuni. Zuena alimnyanyua peke yake, akasikia mwili ule hauna uzito. Alimlaza mkekani, akalia mbele yake bila kujificha. Bibi alimpapasa mkono, akaonyesha kikombe. Zuena akaenda jikoni, akamimina maji ya asubuhi, akafungua fundo la kitenge, akatia sukari, akakoroga, akaleta.

Bibi alipiga funda moja, akaacha hapo hapo. Aliweka kikombe chini, akamtazama Zuena kwa muda mrefu. Kisha akaunganisha viganja kifuani, akafumba macho, akainamisha kichwa kuelekea kwake, midomo ikichezacheza bila sauti. Zuena alikuwa ameona viganja vile mbele ya sanamu za watakatifu wao tu, bibi anaposali. Hakuwahi kuviona vikielekezwa kwa mpishi.

Alinijia mbio mchana ule ule, amemshika binti yake Rehema mkono, kanga imemtoka kichwani.

"Amenisomea, Mama Umba," alisema. "Nilitia sukari mu mayi yake. Hakusema kintu. Akaunga mikono, akanisomea."

"Akusomee laana juu ya sukari?"

"Alikuwa na nadhiri, minyi nikaivunja. Na akikufa, batasema minyi njo nilimutilia sumu. Patron Hitesh ataita polisi. Mutoto wangu atabaki na nani?"

Nilitaka kumwambia akae chini anywe maji, lakini hakuningoja. Aliniachia Rehema, akapanda pikipiki ya mtu aliyekuwa akipeleka mizigo Kaniama, kwa kaka yake Fadhili anayenunua mahindi huko. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unasema mpishi Mwislamu amempa Mhindi sumu. Nilipigwa na butwaa kuona uongo unavyokimbia kuliko pikipiki.

Siku ya nane, mimi niko kwenye magunia yangu, nikaona sari nyeupe inakuja polepole katika vumbi. Alikuwa Mama Kanta, ameshikwa na mkwe wake, mke wa Hitesh, kifagio mkononi. Alisimama mbele yangu, akaunganisha viganja vile vile. "Mama Umba," alisema, "kwa lolote nililokukosea, kwa kujua au kutojua, naomba unisamehe." Akainama. Mimi nimeshika kopo la makaa, sijui niliweke wapi, mikono myeusi mpaka viwikoni, na mama wa tajiri ameniinamia barabarani. Nilisema, "Hakuna neno, mama, hakuna neno," mpaka akaondoka. Mkwe wake alinieleza kwamba siku ya mwisho ya funga hiyo wao huomba kila mtu msamaha.

Ndipo nilipoelewa. Vile viganja havikuwa laana hata kidogo. Siku ile alikuwa anamwomba Zuena msamaha, na nadhiri ya kunyamaza ilimnyima neno moja tu ambalo lingemzuia Zuena asikimbie.

Nilidhani mambo yangeishia hapo. Funga imekwisha, bibi atakula, Zuena atapigiwa simu, atarudi. Kesho yake na kesho kutwa sikusikia kitu. Siku ya tatu Hitesh alikuja kwangu, hajanyoa, ndala za bafuni mguuni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kumshika Rehema, kwa sababu nilitafuta polisi nyuma yake. Alikuwa peke yake.

"Mama wa makaa, Zuena iko wapi?" aliuliza. "Hakuna palabre, hakuna kesi. Mama yangu hakule mupaka leo, ni mayi tu."

"Funga yake si ilikwisha?"

"Ilikwisha. Lakini aliweka ingine juu yake. Anasema ameomba bantu bote musamaha, amebaki mumoja. Hatakula mupaka amuombe Zuena uso kwa uso, na kikombe ya kufungulia itoke mu mukono ya Zuena."

"Basi muweke mu gari, umupeleke Kaniama."

"Hapande gari," alisema Hitesh. "Havuke reli. Miezi yake haiyaisha."

Niliketi juu ya gunia. Nakiri nilikasirika, nikasema maneno ambayo mtu wa kwaya hayasemi. Nadhiri zilikuwa zimemfunga yule bibi kila upande, na kamba ya mwisho alikuwa ameifunga shingoni mwa Zuena bila kumuuliza. Daktari alikuwa amekuja na serum, yale maji ya kutundikwa, bibi akakataa sindano. Asubuhi hiyo alizimia mara mbili.

Simu ya Zuena ilikuwa imezimwa. Tulimpigia Fadhili, akaapa kwamba dada yake hajakanyaga Kaniama, na nyuma yake nilimsikia Zuena akikohoa. Basi nikafunga magunia, nikamwacha Rehema kwa dada yangu, nikamwita Kalala mwenye pikipiki. Njia ya Kaniama sina haja ya kuieleza. Kiuno changu bado kinaikumbuka.

Nilimkuta Zuena nyuma ya ghala la mahindi, anachambua punje. Aliponiona hakusimama.

"Amekufa?" aliuliza.

"Hayakufa. Iko anakungojea weye."

"Banataka kunifunga."

"Zuena, sikia. Ule mama hakukusomea. Alikuomba musamaha. Na minyi ameniomba vile vile, mu barabara, bantu bote banaona."

Alinitazama kana kwamba nasema Kichina. Aliuliza tajiri aombe msamaha kwa mpishi kwa lipi, wakati mpishi ndiye aliyedanganya. Nikamweleza nadhiri mpya, kwamba chakula cha yule bibi kiko mkononi mwake. Fadhili akaingilia, akasema huo ni mtego, Wahindi wana akili, akifika tu atakuta pingu. Zuena akaangalia pindo la kitenge chake, akalishika lile fundo.

"Nikienda bakanifunga?" aliniuliza.

"Tutalala pamoja mu cachot ya polisi, minyi na weye."

"Na nisipoenda?"

"Atakufa, Zuena. Njo vile tu."

Alinyanyuka, akajikung'uta makapi. Nilimwona analia, si kwa huruma. Alikuwa na hasira. Alisema kwamba alitia sukari ili mtu asife mikononi mwake, na sasa amefanywa kuwa yeye ndiye atakayemuua.

Tuliondoka alfajiri, sisi watatu juu ya pikipiki moja. Mambo yalikwenda vizuri hadi mchana, gurudumu la nyuma likapasuka mahali ambapo hakuna mtu. Kalala aliziba, likapasuka tena. Zuena alisimama kando ya njia akilitazama jua. Mimi nilikuwa nafikiria njaa yangu. Yeye alikuwa anafikiria kile ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa.

"Kalala, kimbiza," alisema tulipopanda. "Jua likizama, hatakunywa kintu."

Kalala alikimbiza mpaka nikaacha kufungua macho. Kila tulipopanda kilima Zuena aligeuza shingo upande wa magharibi. Jua lilikuwa jekundu kwa vumbi na moshi wa nyika zinazochomwa, likashuka, likagusa miti. Tulipoona nyumba za kwanza za Kamina lilikuwa limekwisha kuingia, na tulipofika langoni kwa Hitesh taa zilikuwa zimewashwa.

Zuena hakuuliza mtu. Alipita mlinzi, akapita Hitesh, akaenda jikoni moja kwa moja, akashika sufuria ya maji. Hitesh alisimama mlangoni. Akatikisa kichwa, akaonyesha giza dirishani. Zuena akaweka sufuria chini.

Mama Kanta alikuwa mkekani sebuleni, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Majirani walikuwa wamejaa mpaka barazani. Alipomwona Zuena alitaka kusimama, akashindwa, akaja kwa magoti. Mkwe wake alitaka kumshika, akamkataza. Alifika miguuni kwa Zuena, ile miguu yenye vumbi la Kaniama, akainyoshea mkono kuigusa. Nilisikia watu nyuma yangu wakivuta pumzi.

Zuena aliruka nyuma. "Hapana, Mama. Kwetu muntu hainamie muntu. Anainamiwa Mungu peke."

"Basi nitakaa hivi hivi," alisema Mama Kanta, akabaki ameketi sakafuni. Sauti ilikuwa ndogo, tukanyamaza sote. "Nilikuona ukilia, Zuena. Niliona ninavyokutisha, nikaendelea kana kwamba hukuwapo. Siku uliyohitaji neno moja, nikakunyima, nikahifadhi nadhiri yangu. Nafagia njia nisimkanyage mdudu, na wewe nimekukanyaga ndani ya nyumba yangu. Naomba unisamehe."

Zuena alisimama pale. Nilitegemea aseme hakuna neno, kama nilivyosema mimi. Hakusema.

"Kuko neno," alisema. "Nimekasirika, Mama. Nimeacha mutoto wangu. Nimeitwa mulozi. Minyi nilishaka kuzika mutoto juu ya kukosa mayi ya sukari, na weye unakataa mayi ya sukari. Usiku sikulala."

"Kasirika," alisema bibi. "Ni haki yako."

"Nimekusamehe," alisema Zuena. "Lakini nimekasirika bado."

Bibi alifumba macho, akaunganisha viganja. Safari hii Zuena alijua maana yake. Aliketi sakafuni karibu naye, akauegemeza mwili ule ubavuni mwake, akasema hatoki mpaka jua lipande. Hitesh alimletea chai, akaikataa. Nilimletea maji, akayakataa pia. Hakusema ameapa kitu. Alisema tu kwamba hataweza kumeza wakati huyu hamezi. Mimi nilikula, kwa sababu mtu mmoja lazima abaki na nguvu za kuita daktari.

Kulipopambazuka bibi alikuwa anapumua bado, kidogo sana, na mimi na Hitesh tulikuwa hatuna sura. Zuena alimlaza taratibu, akaenda jikoni, akawasha makaa yangu. Alichemsha maji, akayapoza kutoka kikombe hadi kikombe. Tukasubiri jua lipande mpaka pale dini yao inapotaka, na kusubiri kule kulinizeesha. Kisha akapiga magoti mkekani na kikombe. Alikipeleka karibu na mdomo, akasita.

"Mama," alisema, "nitie sukari?"

Mama Kanta alimtazama. Uso ule uliokauka ukakunjamana, na ikanichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Leo tia," alisema. "Tia yote."

Zuena akaweka kikombe chini, akaanza kuhangaika na fundo la kitenge. Lilikuwa limekaza kwa jasho na vumbi la njia nzima, vidole vikamgomea, ikabidi alifungue kwa meno.